Jirani Aliyelima Juu Yetu

Kwetu, kule juu ya Kwashemshi, jirani wa kulia na jirani wa kushoto si wa kukunyima usingizi. Huyu mtaombana chumvi, yule mtagombana kwa ajili ya kuku, na maisha yataendelea. Jirani wa kumchunguza ni yule wa juu. Maji yake yanapita kwako. Jiwe akiling'oa ovyo linakujia wewe. Akilima vibaya, wewe ndiye utakayeamka na kuukuta udongo wake mlangoni.

Sisi jirani yetu wa juu ni mwanamke, na tangu nikiwa mdogo tumemwita Bibi wa Juu, ingawa wakati ule hakuwa na mjukuu hata mmoja. Nyumba yake imekaa kwenye mgongo wa mlima, penye mwamba, mahali ambapo masika ya namna yoyote hayapatikisi. Kilichotuning'inia ni shamba lake. Linaanzia kwenye bikoni za msitu wa hifadhi, yale mawe ya saruji yaliyosimikwa mpakani, na kuteremka kwa ukali mpaka nyuma ya jiko la mama yangu. Juu msitu, katikati yeye, chini sisi.

Sijapata kuona mtu mwoga kama yule. Aliogopa pikipiki, kwa sababu zinatikisa ardhi. Aliogopa bwana misitu kuliko nyoka. Akisikia mlio wa pikipiki njiani alijitosa kwenye majani ya iliki akachutama mpaka upite, hata kama aliyepanda alikuwa katekista anakwenda kutembelea mgonjwa. Aliogopa wezi wa iliki, kwa hiyo hakuwahi kulala nje ya nyumba yake. Dada yake alipofariki Old Korogwe, alishuka asubuhi, akazika, akapanda jioni ile ile, na ndugu wakamsema mwaka mzima. Hakujali. Alisema marehemu hana cha kuibiwa, yeye anacho.

Uoga wake haukuwa wa machozi, ulitoka kama ugomvi. Ukimkuta uwanjani kwake anaanika iliki, ukamwamkia shikamoo, hakuitikia kwanza. Alitazama miguu yako. "Umepita wapi? Umepita kwenye tuta langu?" Ukiapa kwamba hukupita kwenye tuta, ndipo alisema marahaba, tena kwa shingo upande. Kuni hakumpa mtu. Tawi lililoanguka lenyewe kwenye shamba lake lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ni udongo. Lioze hapo hapo, ndivyo alivyokuwa akisema, na mama yangu alikuwa akisonya akiona kuni kavu zinalala juu ya kichwa chake huku yeye anapuliza majani mabichi.

Jambo moja lilimfanya aongee taratibu. Siku za anga jeupe, uwanjani kwake unaona chini kote: reli, mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari, mto, na ng'ambo ya pili nyanda za Handeni zikiwa kahawia mpaka macho yanapokoma. Aliitazama Handeni jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa wa jirani. Nadhani hajawahi kufika. Lakini aliniambia mara nyingi, "Unaona kule? Walianza hivi hivi. Mti mmoja mmoja, kila mtu na sababu yake nzuri."

Niwaeleze sasa juu ya kushuka, maana bila hilo hamtamwelewa.

Kwetu mwenye shamba la juu hafungui sehemu mpya, hakati mti mkubwa wala hageuzi mkondo wa maji kabla hajashuka kwa jirani wa chini. Hashuki mikono mitupu. Anakuja na kichana cha ndizi au sukari, anakaa, anakunywa chai, wanaulizana habari za watoto, na chai ikishapoa anasema, "Jirani, nimeshuka." Hapo wa chini anajua kuna jambo. Anaambiwa, kisha anatakiwa kujibu. Anaweza kukubali na anaweza kukataa. Wazee walisema anaweza kukataa, ila mimi katika maisha yangu yote nilikuwa sijamsikia aliyekataa. Mtu amekuheshimu, amekuletea ndizi, ameisifu chai yako, utaanzia wapi kumwambia hapana? Wengi wetu tungeona afadhali mlima uanguke.

Na kwetu ulianguka.

Nilikuwa nimekwisha kuolewa Kwamndolwa, ila siku ile nilikuwa nimepanda kuwasalimia wazazi. Bibi wa Juu alishuka na ndizi za bokoboko. Alikunywa vikombe viwili, akasema ameshuka. Iliki ilikuwa imechoka, bei yake nayo imelala, na mlima mzima ulikuwa umehamia kwenye tangawizi. Yeye naye alitaka kukifungua kile kipande cha katikati, kilicho juu ya banda letu la ng'ombe. Angekata mishai mikubwa iliyokuwa hapo, maana tangawizi inataka jua na udongo uliotifuliwa.

Baba yangu alitazama nje kupitia mlangoni. Alikuwa mtu mpole sana, mpole wa kutia hasira. Akasema, "Karibu ulime, dada. Mungu abariki jembe lako."

Tangawizi ilikubali vizuri sana. Alivuna mara mbili akaezeka bati jipya. Masika ya mvuno wa tatu, mchana, mimi na mama tukiwa tunamenya ndizi, tulisikia sauti kama mtu anaburuta gunia zito juu ya paa. Tulitoka. Mlima ulikuwa unatembea. Sina neno jingine. Migomba ilikuja imesimama wima, inatikisa majani, kana kwamba inashuka sokoni kwa miguu yake. Udongo ulilichukua banda na ng'ombe wetu wa maziwa akiwa amefungwa ndani, ukaja mpaka ukuta wa jiko, ukausukuma kidogo, ukasimama. Ufa ule upo mpaka leo, kiganja changu kinaingia.

Bibi wa Juu alifika akikimbia, kichwa wazi, mikono mitupu kwa mara ya kwanza. Hakusema pole. Alimsimamia baba yangu pale kwenye tope akamwuliza, "Kwa nini hukunikatalia? Mimi niliposhuka, kwa nini hukunikatalia?"

Baba alianza kuchimbua tope palipokuwa banda. Mpaka anafariki, miaka kadhaa baadaye, kwa maradhi yake mengine, sikumsikia akijibu.

Tangu siku ile mimi sijalala kwenye nyumba ya mama. Naenda, napika, nafua, napaka miguu yake mafuta, na jua likianza kuelekea Handeni namwita bodaboda. Mama ananicheka. Nimemwomba ahamie kwangu Kwamndolwa, kuna chumba, anasema kule kuna joto na maji ya bomba yana harufu. Basi mimi ninayekaa salama ndiye nisiyelala. Cherehani yangu iko barazani, na kutoka hapo naiona milima. Wingu likikaa juu ya Kwashemshi, mguu wenyewe unaacha kukanyaga. Nampigia simu.

"Mama, mvua?"

"Inanyesha."

"Kubwa?"

"Mvua ni mvua, Zawadi. Shona nguo za watu."

Nikizungumzia uoga wa Bibi wa Juu, basi, mjue nazungumzia na uoga wangu.

Baada ya maporomoko alibadilika, ila si kwa namna ambayo mtu angetarajia. Hakuwa mpole. Alizidi ukali. Alikirudia kile kipande kama mtu anayeshona kidonda: majani ya gwatemala ya kushika udongo kwenye kila tuta, migomba kwenye mikunjo ambapo maji hukusanyika, miche ya mishai katikati, na iliki chini ya kile kivuli kidogo kilichobaki. Mbuzi wa mtu akionekana hapo, mwenye mbuzi alihama njia wiki nzima. Na kila baada ya mvua alikuja kuuangalia ukuta wa jiko letu. Hakubisha hodi. Alisimama nyuma, akaingiza vidole kwenye ufa, akaondoka. Mama alikuwa akimsikia akipumua.

Msifikiri alikuwa mlinzi wa msitu. Huko juu, kwenye bikoni, iliki yake ilikuwa imevuka mpaka kitambo, tena si kwa hatua chache. Alikuwa na maneno yake: iliki haiwezi kuishi bila miti mikubwa, kwa hiyo mwenye iliki hawezi kuwa adui wa msitu. Yeye hakati mti. Anafyeka tu vichaka vya chini. Aliyasema hayo kwa kila aliyemsikiliza, kwa sauti ya mtu anayejitetea kabla hajashtakiwa.

Siku moja bwana misitu alimkuta. Hakuja na pikipiki, alikuja kwa miguu, kwa hiyo Bibi wa Juu hakupata nafasi ya kuchutama. Nilikuwepo, nilipeleka uji. Nilitegemea ugomvi, lakini yule kijana wa serikali alikuwa na subira. Alimwamkia vizuri, akaketi kwenye gogo, akamwuliza, "Bibi, hebu nionyeshe hapa mti mdogo. Mmoja tu."

Bibi wa Juu akageuka kulia, akageuka kushoto. Miti ilikuwepo, mikulo na mishai minene ambayo watu wawili hawaikumbatii wakakutana. Chini yake iliki, safi, imepaliliwa kama bustani ya kanisa. Kati ya mti mzee na iliki hapakuwa na kitu.

"Umeifyeka yote ikiwa midogo," yule kijana alisema. "Hii ikifa, hakuna itakayosimama badala yake. Hukukata mti, ni kweli, bibi. Umezuia tu isizae."

Nilimwona akibadilika rangi. Bwana misitu alimwambia arudi ndani ya bikoni zake, akamtaka aache zile mita zilizovuka ziote zenyewe, akaenda zake bila faini. Bibi wa Juu alibaki amekaa. Uji ulipoa mikononi mwake. Baadaye akaniambia, "Nilidhani nakosea mahali pamoja tu."

Aliirudisha iliki ndani ya mpaka. Aling'oa mwenyewe, akilalamika kila shina. Hata ndani ya shamba lake alianza kuiacha miche ya mishai iote, akaifungia vitambaa vyekundu ili vibarua wasiifyeke. Vitambaa vile nilimpa mimi, mabaki ya sare za shule. Hakunishukuru. Aliuliza kama sina vyenye rangi isiyochuja.

Sasa niseme habari za Athumani, mwanawe wa pekee. Si mtu mbaya, na ningependa angekuwa mbaya, ingekuwa rahisi. Alikuwa Dar es Salaam miaka mingi, mambo yakamwendea kombo, akarudi na mke na watoto watatu. Shamba ni lake, baba yake alimwachia yeye, mama yake anakaa tu. Ukimwuliza Athumani, atakwambia watoto wanakula iliki? Iliki inachukua miaka kuzaa, ada ya shule haisubiri. Naye ni kweli. Nimewaona watoto wale wakienda shule na mihogo ya jana.

Mwaka huu, kabla ya masika, Athumani alishuka. Alifuata desturi yote: sukari, chai, habari za watoto, akamsifu mama kwa chai. Mimi nilikuwa jikoni nimeacha kupika, maana nilijua neno linalokuja.

"Mama Zawadi, nimeshuka. Nataka kuufungua mteremko wote. Vijana wa chenso nimeshaongea nao."

Mama yangu alikiweka kikombe chini. Kikombe kiligonga meza.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Nakukatalia."

Ninavyojua mimi, huyo ndiye mtu wa kwanza wa mlima wetu kulitamka. Niliona fahari na hofu pamoja, nikashika mlango.

Athumani alitazama chini, kwa aibu ya kweli kabisa. Kisha akasema, "Mama, nisamehe. Nimekuja kutoa taarifa. Sikuja kuomba." Akainuka, akaiacha sukari mezani. Vijana wa chenso na misumeno yao ya mashine wangefika Jumatatu.

Jumamosi yake nilipanda tena, nimedhamiria kumshusha mama hata kwa kumbeba. Tulikuwa tunabishana, mimi nakunja nguo zake kwenye begi, yeye anazikunjua, tuliposikia mtu nje.

"Onga mshi," sauti ilisema, kwa Kishambaa, salamu ya mchana.

Alikuwa Bibi wa Juu. Kichwani ana godoro lililofungwa kamba, mkononi sufuria, na kwapani kuku. Mwanamke ambaye hakulala hata kwenye matanga ya dada yake. Alisimama mlangoni akihema.

"Jirani," akamwambia mama, "nimeshuka."

"Unataka kufungua nini tena?" mama akauliza, kwa uchungu.

"Sifungui kitu. Nimeshuka kukaa." Akamweka kuku chini. "Chumba kile cha nyuma, chenye ukuta wa huko mlimani, kina mtu?"

Chumba hicho kimepakana na jiko lile lenye ufa. Hakina mtu tangu ardhi ishuke. Mama akaniambia mimi, "Acha hilo begi. Kamfagilie bibi yako."

Nilifagia huku nalia. Ndipo nilipoelewa alichokuwa anakifanya. Kule juu ana mwamba chini ya nyumba. Mlima mzima ukienda, nyumba yake itabaki. Hakuwa na uwezo wa kumzuia mwanawe, shamba si lake. Kitu pekee alichokuwa nacho ni mwili wake, na alikuwa amekuja kuulaza pale udongo utakapofikia.

Athumani alikuja Jumatatu saa nne, kabla ya vijana wake. Alisimama uwanjani kwetu, hakuingia.

"Mama, twende nyumbani. Watu wanacheka."

"Wacheke," alimjibu kutoka ndani. "Wewe kakate miti yako. Ukimaliza kuvuna njoo unichukue, kama nitakuwepo."

"Mama, unaniua."

"Sikuui. Mimi nimelala tu, baba."

Athumani akageuka kutazama juu, kwenye shamba lake. Nadhani alikuwa hajawahi kulitazama kutoka pale. Ukiwa juu linaonekana shamba. Ukiwa kwetu linaonekana ukuta, na ukuta umeinama. Manyunyu yalikuwa yameanza. Alisimama hapo mpaka shati likamganda mgongoni, kisha akaomba stuli, akakaa chini ya upenu wetu, na vijana wa chenso walipofika na mafuta yao aliwaambia warudi. Hakuwaambia wasije tena. Aliwaambia mwakani wataongea.

Mwakani. Ndiyo maana Bibi wa Juu hajapanda mpaka leo. Asubuhi huwa anakwenda shambani, anapalilia iliki, anahesabu vitambaa vyake vyekundu, jioni anashuka kulala. Yeye na mama wanagombana kuhusu chumvi, kuku na redio. Athumani ametenga kipande cha chini karibu na njia, pasipo mteremko, amepanda tangawizi kidogo huko, haitoshi. Watoto bado wanakula mihogo.

Wiki iliyopita nilipanda na dawa za mama. Nilimaliza kazi zangu, jua likawa upande wa Handeni, nikampigia bodaboda. Nikaingia chumba cha nyuma kuaga. Bibi wa Juu alikuwa kitandani, ameegemea ukuta, anachambua iliki kwenye ungo. Chumba chote kilinukia. Amekonda sana.

"Shikamoo, bibi. Mimi nashuka."

Akanitazama miguu, kama zamani. "Sikupita kwenye tuta," nikamwambia. Akasema marahaba. Halafu akaweka kiganja chake ukutani.

"Leo kuna mvua," akasema. "Mama yako masikio yamekwisha, hasikii kitu. Mimi ndiye nasikia peke yangu, usiku kucha. Udongo ukinywa maji una sauti." Akaondoa mkono. "Zawadi, mimi naogopa."

Katika miaka yote ile sikuwahi kumsikia akilisema neno hilo. Alikuwa ametugombeza, ametufukuza kwenye matuta yake, ametunyima kuni, na lilikuwa ni neno hilo hilo moja. Nje bodaboda alipiga honi. Dirishani wingu lilikuwa limekwisha kuifunika mishai, na mimi nilikuwa natamani lami ya Kwamndolwa.

Bibi wa Juu aliuweka ungo chini. Akasogea upande wa ukutani, akaacha nafasi kitandani. Honi ililia mara ya pili.

Niliinama nikavua viatu.